Erastus Muema: Aliyepima Hewa ya Mji Akiitamani ya Kathiani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bwana Erastus Muema Kitonga, fundi mkuu wa mitambo ya kupimia hewa, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025. Alijiunga na Maabara yetu ya Hewa hapa Machakos mwaka wa 1994 akiwa kijana mwembamba kutoka vilima vya Kathiani. Anaondoka akiwa bado mwembamba, jambo ambalo sisi tuliokula naye kwenye mkahawa uleule hatujamsamehe.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu hakuna aliyebaki ofisini ambaye amefanya kazi naye muda mrefu kunishinda. Mimi ni Farhia Bile, wa chumba cha mizani. Yeye alileta filta, mimi nikazipima. Kila Jumanne alifika mlangoni pangu na kisanduku chake cha bati, akagonga mara moja tu, akangoja. Hakuwahi kugonga mara ya pili, hata siku ambazo nilijifanya sikusikia ili nimalize chai.

Kwa wageni wetu wa leo wasiojua tunachofanya, nieleze kidogo. Ndani ya hewa ya mji mkubwa huelea chembe laini sana, nyembamba kuliko unywele kwa mbali, ambazo jicho haliwezi kuziona moja moja. Nairobi huzitoa usiku na mchana. Zinatoka kwenye dizeli ya malori na mabasi, taka zinazochomwa nyuma ya nyumba, majiko ya makaa, viwanda, breki na matairi yanayosagika barabarani. Kazi ya Muema ilikuwa kuzinasa. Pampu huvuta hewa, hewa hupita kwenye filta, ambayo ni duara dogo jeupe la kutosha kiganjani, na chembe hubaki hapo. Kisha mimi hupima uzito ulioongezeka. Inasikika kazi rahisi. Ijaribu siku ambayo pampu imekwama juu ya paa la ghorofa na mvua inanyesha.

Wanafunzi wakitutembelea, alipenda kuwawekea mezani filta mbili. Ya kwanza ilitoka Kyumbi, penye njia panda, na ilikuwa na vumbi jekundu zito. Ya pili ilitoka Mlolongo, pembezoni mwa Nairobi, kando ya barabara kuu ya malori, nyeusi tii lakini nyepesi. Aliwauliza ipi ni mbaya zaidi. Wengi walionyesha ile nyekundu, maana ndiyo nzito. Muema alitabasamu na kuwaeleza polepole kwamba vumbi la barabara ni bughudha kweli, ila sehemu yake kubwa hukamatwa puani na kooni, ukakohoa, ukapenga, ukaendelea. Masizi ya dizeli na ya takataka zinazochomwa huingia mpaka mwisho wa mapafu, na zile chembe ndogo kabisa hupenya hadi kwenye damu zikiwa zimebeba kemikali na madini. Huko huusumbua moyo, hubana mishipa, humpata mtoto hata kabla hajazaliwa. Tulimsikia akisema maneno hayo mara nyingi, na hakuwahi kuyasema kama mtu aliyechoka nayo.

Alikuwa mkali wa usafi hadi kero. Hakuruhusu biskuti karibu na kisanduku chake. Nakumbuka niliporudi kazini baada ya harusi ya mdogo wangu, nikiwa bado nanukia udi kichwani na nguoni. Muema alifika mlangoni, akanusa, akarudi nyuma hatua kadhaa na filta zake kifuani kama mtu aliyebeba mayai sokoni. Aliniambia kwa heshima zote kwamba harusi ilionekana kuwa nzuri sana, na kwamba filta angenikabidhi kesho yake.

Kyumbi walimpenda sana, ingawa mapenzi hayo nusura yatuharibie kazi. Alipoweka mtambo pale, alimweleza muuza nyama choma mmoja aitwaye Kisilu kwamba mashine hii huvuta hewa na kubakiza uchafu. Kisilu alielewa kwa namna yake. Baada ya wiki mbili filta za Kyumbi zilianza kuja zimejaa mafuta na harufu ya mbuzi. Tulishangaa. Muema alipokwenda kuangalia, alikuta Kisilu na wenzake wote wamehamishia majiko yao chini ya mtambo wetu ili uwanyonyee moshi, wateja wasilie machozi. Walikuwa na ombi moja tu, kwamba serikali ilete mashine kubwa zaidi, maana hii ilionekana kuzidiwa. Hakuwagombeza. Alikaa nao, akala nyama, akaeleza upya, na kabla hajaondoka walikuwa wamerudisha majiko mahali pake. Mpaka leo Kisilu akimwona humwuliza kama ile mashine kubwa imefika.

Sasa nifike kwenye habari ambayo Muema angependa niiruke. Siiruki, kwa sababu bila hiyo hamtajua tunamuaga mtu wa namna gani.

Kazi ilimtaka aishi Mlolongo, karibu na mitambo ya mjini. Mkewe, Bi. Loise, alibaki Kathiani na shamba na watoto. Watoto walipokua, Loise alishuka kuishi na mumewe, kwa mara ya kwanza tangu waoane. Tulimwona Muema mpya. Alianza kunyoosha mashati. Alianza kuaga mapema jioni, yeye ambaye tulizoea kumfukuza ofisini. Walikuwa na chumba na sebule mita chache kutoka barabara kuu, kwenye ghorofa ya pili, na Loise alipanda sukuma wiki kwenye ndoo kibarazani. Majani yake yalikuwa yakipanguswa kila asubuhi kwa kitambaa, na kitambaa kikawa cheusi.

Kabla ya mwaka wa pili kwisha, Loise alianza kukohoa usiku. Kisha akaanza kusimama katikati ya ngazi kutafuta pumzi. Walizunguka hospitali, wakapewa dawa za kuvuta mdomoni, na mwishowe daktari akawaambia wazi kwamba kifua cha mama huyu hakiwezi mahali pale, na kama wanamtaka arudi kuwa mzima basi apande kilimani kwao. Wakati huo Muema alikuwa na filta ya Mlolongo mkononi karibu kila siku. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alimrudisha Loise Kathiani mwenyewe, akamsaidia kufungua nyumba, na Jumatatu alikuwa kazini. Hakunyoosha shati tena.

Aliomba uhamisho. Aliambiwa asubiri apatikane fundi mwingine wa mitambo ya mjini. Subira huvuta heri, lakini ofisi yetu iliivuta subira hiyo mpaka ikakaribia kukatika.

Heri kidogo ilikuja kwa njia nyingine. Ili kujua mji unaongeza uchafu kiasi gani, lazima upime pia mahali pasipo na mji, upate hewa safi ya kulinganisha. Daktari Mwanzia, mkuu wetu, alitafuta kilima. Muema alipendekeza kilima kimoja Kathiani, chenye upepo mzuri, mbali na lami. Hakuficha kwamba boma lake liko chini kidogo ya kilima hicho. Daktari alicheka, akakubali, na mtambo ukawekwa. Kuanzia hapo kila Jumanne Muema aliniletea filta za mjini, kisha akapanda Kathiani na betri mgongoni, akawasha pampu, akalala kwake, na Jumatano akaizima na kurudi Mlolongo. Usiku mmoja kwa wiki. Kwa mtu mwenye hamu, usiku mmoja ni mwingi, na sisi tulimtania bila huruma kwamba katika nchi nzima yeye peke yake analipwa na serikali kwenda kumwamkia mkewe.

Filta za Kathiani zilipaswa kuwa nyeupe. Hazikuwa nyeupe. Mwaka baada ya mwaka zilikuja na rangi ya hudhurungi, tena si haba. Daktari Mwanzia alianza kuamini kwamba moshi wa Nairobi unapanda hadi milima yetu. Lilikuwa jambo zito, na aliandaa ripoti ya kulitangaza. Mimi niliona rangi ile na sikuridhika nayo, maana masizi ya malori ni meusi, na hizi zilikuwa na harufu kama ya kuni. Nilimwuliza Muema. Akaniambia atachunguza.

Kumbe palipo na moshi pana moto, na moto ulikuwa jikoni kwake. Fikirieni wenyewe. Pampu ile ilifanya kazi siku moja tu kwa wiki, na siku hiyo ndiyo siku ambayo Muema alikuwa nyumbani. Na siku ambayo mume wa mtu anapanda kilima baada ya wiki nzima, mke wake anafanya nini? Loise alikuwa akimwona kwa mbali anapopita kwenye miti, anawasha moto. Anachemsha chai. Kisha muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, ambao hauivi kwa haraka. Kisha kuku, kama yupo. Kisha maji ya kuoga, kwa sababu mtu ametoka Mlolongo. Jiko la mafiga matatu lilifuka kuanzia saa kumi hadi usiku, na asubuhi likaanza tena, na moshi wote ule wa furaha ulipanda taratibu hadi kwenye pampu. Siku nyingine zote za wiki, Loise alipokuwa peke yake, alipasha kiporo kwa vijiti viwili, na kilima kilikuwa safi. Sisi hatukupima siku hizo. Kwa miaka mitano tulikuwa tumepima Loise anavyomkaribisha mumewe, tukaita Nairobi.

Jumanne iliyofuata, Muema alimwomba Loise wasiwashe moto mpaka kesho yake. Walikula ndizi na mkate. Filta ilishuka nyeupe.

Hapo ndipo alipokuwa na njia rahisi, na nataka mlijue hilo. Angeweza kunyamaza. Loise alikuwa tayari kula mkate kila Jumanne maisha yake yote, alimwambia hivyo. Filta zingekuwa nyeupe, ripoti ingesahihishwa kimyakimya kwa kisingizio cha upepo, na Muema angeendelea kulala kwake kila wiki. Badala yake alikwenda ofisini kwa Daktari Mwanzia na kumweleza yote, kuanzia chai hadi maji ya kuoga. Nilikuwepo. Alieleza akitazama sakafu, na Daktari akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu alijua, kama Muema alivyojua, uamuzi utakaofuata. Mtambo wa hewa safi hauwezi kukaa juu ya jiko la mtu. Ulihamishiwa kilima kimoja ng'ambo ya Masii, kusiko na nyumba.

Nilimfuata nje nikamwuliza kwa nini hakunyamaza. Nilikuwa na hasira kwa niaba yake. Alinijibu hivi:

"Farhia, ule moshi ulifika mpaka kwa pampu, huko juu. Yeye alikuwa ameinama hapo ndani jikoni, na kile kifua chake. Mimi nilikuwa nafikiria nimemrudisha kwa hewa safi."

Sisi wote tulikuwa tumeutazama moshi ule kama doa kwenye filta. Muema aliona ulipopitia kabla ya kufika huko. Wiki ileile gari la ofisi lilipanda Kathiani kubeba mtungi wa gesi na jiko lake, na Muema mwenyewe akatoboa ukuta wa jiko la zamani akaweka bomba la kutolea moshi, kwa siku ambazo gesi imeisha. Loise alilalamika kwamba muthokoi wa gesi hauna ladha. Muema aliula wote.

Tangu hapo Jumanne zake zilikuwa za Masii. Alilala kwenye chumba cha kukodi sokoni, asubuhi akapanda kilima kile kingine. Siku ya anga safi, kutoka pale unaiona milima ya Iveti imelala upande wa magharibi, na Kathiani iko huko. Dereva wetu anasema Muema alikuwa akimaliza kazi kisha akasimama kidogo akiangalia upande huo, na yeye dereva alijifunza kutopiga honi. Pampu za mjini zilimtaka hata wikendi, hivyo nyumbani alikwenda mara moja kwa mwezi, Jumamosi alasiri, akarudi Jumapili. Aliishi hivyo miaka saba. Akirudi, tulimwuliza habari za mama, naye alisema ni nzuri, anapumua vizuri, na ndiyo hivyo tu, akafungua kisanduku chake.

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini pia ni tegemeo la wenye kupima. Kwa kuwa tulikubali kosa la Kathiani hadharani na kulirekebisha, watu waliziamini namba zetu nyingine. Wakazi wa Mlolongo walipotaka dampo lililokuwa likichomwa kando ya nyumba zao lifungwe, walikuja na filta za Muema mkononi, na hakuna aliyeweza kuwaambia kuwa zimepikwa. Dampo lilifungwa. Shule moja ya msingi ilifanikiwa kuondolewa kituo cha malori mbele ya lango lake. Mwalimu mkuu alituandikia kwamba watoto wanaokohoa darasani wamepungua, na Muema aliomba nakala ya barua ile aipeleke kwa Loise. Amefunza mafundi ambao leo wanaendesha mitambo katika kaunti nyingine, na wote, ukiwaona, wanagonga mlango mara moja tu.

Mwezi uliopita Daktari Mwanzia alimwita akamwomba abaki miaka miwili zaidi kwa mkataba. Mji unakua, mitambo mipya inakuja, na hakuna anayeijua kazi hii kama yeye. Niseme ukweli, mimi nilitaka akubali. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumshawishi. Nimezoea Jumanne zangu, na sijui nitakavyofanya mtu mwingine akisimama mlangoni na kisanduku kile. Katika miaka yote hii Muema hakuwahi kuikatalia ofisi jambo lolote. Ofisi ikisema panda paa, alipanda. Ikisema subiri, alisubiri.

Safari hii alisema, "Daktari, mimi hapana. Loise ako na pumzi sasa. Sijui atakuwa nayo mpaka lini."

Maneno niliyokuwa nimeyapanga niliyameza.

Bi. Loise hayuko nasi leo. Baridi ya mwezi huu na ukungu unaoshika moshi wa mji chini havimfai, na daktari wake amemkataza kushuka. Nilimpigia simu kumpa pole na kumwambia tungependa kumwona kwenye meza ya mbele, karibu na mumewe. Alinishukuru, akauliza watoto wangu, akauliza mvua. Kisha akasema:

"Mimi niko na bwana, Farhia. Lakini sijakaa naye."

Nilimwambia Ijumaa hii anakuja kukaa.

Kwa hiyo naomba ndugu wazungumzaji watakaonifuata wawe na hotuba fupi, hasa wale ninaowajua. Zawadi zipakiwe kwenye gari mapema. Picha zipigwe mara moja. Gari liko tayari langoni, na giza lisimkute njiani.

Erastus Muema, ofisi yote inakushukuru kwa kazi uliyoifanya kwa mikono safi na kwa ukweli uliokugharimu. Nairobi haijui jina lako, lakini wako watu wanaopumua afadhali kwa ajili yako. Tutakukosa. Mimi nitakukosa kuliko nilivyotarajia, na silionei haya neno hilo. Wewe na mama Mungu awape pumzi ndefu, mzeeke pamoja, mchoshane kama watu wengine waliooana. Panda nyumbani, rafiki yangu. Umetuaga Ijumaa nyingi, ukarudi. Jumatatu hii hatutakungoja.